Zawadi ya Mzazi kwa Mwanawe na Kodi ya Uingereza

Katika desturi zetu mzazi hampi mwanawe mali kwa hisani, bali humpa kwa wajibu. Baba akimkatia kijana wake kipande cha kibanja ili ajenge, au mama akimpa binti yake fedha za kuanzia biashara, hakuna anayeuliza Serikali itasemaje. Jambo hilo ni la nyumbani, na mashahidi wake ni wazee wa ukoo.

Lakini wako wenzetu wengi waliokwenda Uingereza zamani. Wamefanya kazi huko miaka 20 au 30, katika mahospitali, mashule, viwanda na mabasi. Leo wanakaribia umri wa kustaafu. Wengine wana nyumba kule na nyumba hapa Uganda, wana akiba benki, na wana watoto, baadhi yao huko na baadhi yao huku. Wakati wa kugawa umewafikia. Na tangu tarehe 6 Aprili 2025 Uingereza inatumia kanuni mpya inayowagusa watu hao moja kwa moja, pamoja na mali yao iliyoko Mbale, Jinja au Masaka. Ndiyo sababu leo tumeona yafaa kueleza, hatua kwa hatua, sheria za nchi ile kuhusu mzazi anayempa mwanawe mali.

Tuanze nyumbani, maana kosa huanzia hapo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda haihesabu zawadi wala urithi kuwa pato la kutozwa kodi, isipokuwa pale zawadi hiyo inapotokana na biashara, ajira au pango la mali. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kodi ya mali za marehemu iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, lakini waliifuta mwaka 1982. Na ingawa Kenya ilirudisha mwaka 2015 kodi ya faida itokanayo na kuuza mali, kwa asilimia 5, na kuipandisha kufikia asilimia 15 mwaka 2023, sheria hiyo inawaachilia jamaa wa karibu wanaohamishiana mali. Hivyo basi mtu wa kwetu hukua akijua kwamba baina ya mzazi na mtoto hakuna mtoza kodi. Anapofika London anaibeba imani hiyo kama alivyobeba sanduku lake, bila kujua kwamba kule haifanyi kazi.

Uingereza ilianza kutoza kodi ya jumla juu ya mali za marehemu mwaka 1894, wakati William Harcourt alipokuwa Waziri wa Fedha. Mara moja matajiri wakagundua njia: ikiwa kodi inatozwa mtu anapokufa, basi na agawe mali yake kabla hajafa. Serikali ikajibu kwa kuzihesabu pia zawadi zilizotolewa karibu na kifo. Mwanzoni kipindi hicho kilikuwa mwaka mmoja. Mwaka 1910 kikawa miaka 3, mwaka 1946 kikawa miaka 5, na mwaka 1968 kikawa miaka 7. Mwaka 1975 Serikali ya chama cha Labour ilikwenda mbali zaidi, ikaweka kodi juu ya zawadi kubwa zinazotolewa mtu akiwa hai, hata kama ataishi miaka mingi baadaye. Utaratibu huo haukudumu. Mwaka 1986 Waziri wa Fedha Nigel Lawson aliuondoa na kuirudisha hesabu ya miaka 7, na kodi yenyewe ikaitwa kodi ya urithi. Huo ndio msingi unaotumika hadi sasa.

Msingi huo ni huu. Siku mzazi anapompa mwanawe fedha, hakuna kodi ya urithi inayodaiwa, hata kama fedha hizo ni nyingi. Mtoto naye hahesabiwi kuwa amepata pato. Lakini siku hiyo saa huanza kuhesabu. Mzazi akiishi miaka 7 kamili, zawadi hiyo hutoka kabisa katika hesabu. Akifariki kabla ya miaka 7 kutimia, zawadi hiyo hurudishwa na kujumlishwa na mali aliyoiacha. Sheria inaruhusu pauni 325,000 za kwanza zisitozwe kodi. Kinachozidi hapo hutozwa asilimia 40. Kiwango hicho cha pauni 325,000 hakijapandishwa tangu Aprili 2009, ingawa bei za nyumba zimepanda sana. Ndiyo maana kodi iliyokuwa ikisemwa kuwa ni ya mabwanyenye sasa inabisha hodi pia katika nyumba ya mtumishi wa kawaida aliyenunua mapema katika mji mkubwa.

Hata hivyo yafaa tusitiane hofu. Mali inayokwenda kwa mume au mke kwa kawaida haitozwi, na sehemu ya msamaha ambayo mmoja wa wanandoa hakuitumia humwendea aliyebaki. Mtu akiwaachia watoto au wajukuu nyumba aliyokaa, huongezewa msamaha wa hadi pauni 175,000. Kwa misamaha hiyo yote mume na mke wanaweza kufikisha pauni 1,000,000. Katika mwaka wa fedha wa 2021 hadi 2022, takriban vifo 4 tu katika kila 100 nchini Uingereza vilileta kodi hii. Wanaoumia ni wachache, lakini wengi wa wachache hao huumia kwa kutojua.

Jambo la kwanza lisilojulikana ni namna miaka 7 inavyohesabiwa. Watu husema, “Baada ya miaka 3 kodi huanza kupungua.” Ni kweli nusu. Tuseme baba alimpa binti yake pauni 406,000 kwa mara moja. Kila mwaka wa kodi sheria inamruhusu kutoa pauni 3,000 zisizohesabiwa, na kama mwaka uliotangulia hakutumia ruhusa hiyo, anaweza kuichukua pia. Toa basi 6,000, zibaki 400,000. Toa msamaha wa 325,000, zibaki 75,000. Asilimia 40 ya hizo ni pauni 30,000. Baba akifariki miaka mitano na nusu baada ya kutoa, sheria hupunguza kiwango kutoka asilimia 40 hadi 16, na deni huwa pauni 12,000. Angefariki kati ya mwaka wa 3 na wa 4 kiwango kingekuwa asilimia 32. Kati ya wa 4 na wa 5, asilimia 24. Na kati ya wa 6 na wa 7, asilimia 8. Tena deni hilo hudaiwa kwanza binti aliyepokea, ambaye huenda fedha zile alikwisha kuzitia katika nyumba au duka.

Sasa tutazame mfano wa pili, ambao ndio wa watu wengi. Mama ametumia ruhusa zake zote za mwaka, kisha akampa kijana wake mkubwa pauni 50,000. Akafariki katika mwaka wa sita, akaacha akiba na hisa za thamani ya pauni 400,000 kwa watoto wake wengine wawili. Familia ikafikiri kodi ya ile zawadi imepungua. La, haikupungua hata senti, kwa kuwa zawadi yenyewe ilikuwa chini ya 325,000 na haikuwa na kodi ya kupunguza. Kilichotokea ni kwamba zawadi ilikula sehemu ya msamaha. Msamaha uliobaki kwa mali ya marehemu ni pauni 275,000. Kwa hiyo pauni 125,000 zikatozwa kodi, na kodi ikawa pauni 50,000. Bila ile zawadi ingalikuwa pauni 30,000. Pauni 20,000 zilizoongezeka hazikulipwa na kijana aliyepokea. Zilitoka katika fungu la wadogo zake wawili.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo kodi inapogeuka kuwa ugomvi wa matanga. Wadogo husema kaka amekula mara mbili, na kaka huapa kwamba hakujua. Wote wawili wanasema kweli. Mzazi aliyependa kumsaidia mmoja amewapunguzia wengine bila kukusudia, na hayupo tena kueleza.

Sheria haikufunga milango yote. Mbali na zile pauni 3,000 za kila mwaka, mtu anaweza kuwapa watu wengine mbalimbali pauni zisizozidi 250 kila mmoja kwa mwaka. Mtoto anapofunga ndoa, kila mzazi anaweza kumpa pauni 5,000, babu au bibi 2,500, na mtu mwingine yeyote 1,000. Gharama za kumlea mtoto na kumsomesha hadi atimize miaka 18, au hadi amalize masomo yake ya kutwa kama yanaendelea baada ya umri huo, hazihesabiwi kuwa zawadi ya kutozwa kodi. Vivyo hivyo matunzo ya kadiri kwa mzazi mkongwe au jamaa asiyejiweza anayemtegemea.

Lakini mlango ulio mpana kuliko yote, na unaowafaa zaidi watu wetu, ni ule wa zawadi za kawaida zitokanazo na pato. Sheria inasema kwamba mtu akitoa mara kwa mara kutoka katika mshahara au pensheni yake, wala si katika akiba yake, na baada ya kutoa akabaki na pato la kutosha kuendesha maisha yake kama alivyozoea, zawadi hizo hazitozwi kodi na wala hazingoji miaka 7. Hazina hata kikomo cha kiasi. Tazama maisha ya muuguzi wa kwetu aliyeko London: kila mwezi, mshahara ukiingia, anatuma fedha nyumbani kwa mwanawe mkubwa. Kwa miaka mingi amekuwa akitimiza sharti la sheria hiyo bila kuijua. Anachokosa ni ushahidi. Siku atakapofariki, wasimamizi wa mirathi watatakiwa kuonyesha, mwaka kwa mwaka, alipata kiasi gani, alitumia kiasi gani na alitoa kiasi gani. Risiti za kutumia fedha zilikwisha kutupwa, na simu iliyokuwa na kumbukumbu imepotea. Daftari moja la shule, lenye tarehe, kiasi, jina la mpokeaji na pato la mwezi ule, lingeokoa fedha nyingi.

Sasa tufike penye shina la jambo, ambapo desturi yetu na sheria ya Kiingereza hugongana. Kwetu mzee humpa mwanawe nyumba, na yeye akaendelea kukaa humo hadi mwisho wa uhai wake. Hakuna anayeshangaa, na mtoto anayemtoa mzazi katika nyumba aliyopewa hulaaniwa na ukoo mzima. Sheria ya Uingereza inasema kinyume. Inasema aliyetoa kitu lakini akaendelea kukitumia hajatoa. Mkono mmoja umenyoosha zawadi na wa pili bado umeishika. Zawadi ya namna hiyo huhesabiwa kuwa mali ya mtoaji siku anapokufa, hata kama miaka 7 imepita, hata kama miaka 20 imepita, na thamani inayotumika ni ile ya siku ya kifo.

Tuchukue mama aliyefanya kazi Uingereza miaka 25. Mwaka 2026 anaandika hati na kumpa mwanawe nyumba yake iliyoko Mbale. Mwaka 2031 anastaafu, anarudi nyumbani na kuishi katika nyumba ile ile. Mwaka 2035 anafariki. Tangu kutoa imepita miaka 9, na familia inasema miaka 7 imekwisha. Lakini kwa kuwa mama aliishi humo, nyumba ile inarudishwa katika hesabu ya Uingereza. Kama jumla ya mali yake yote haizidi msamaha, hakuna kodi. Ikizidi, nyumba ya Mbale italeta deni London. Njia inayokubaliwa ni mama kumlipa mwanawe pango kamili la soko kwa muda wote anaokaa humo. Kwa masikio yetu ni maneno ya ajabu, mama kulipa pango kwa mwanawe! Tena mwana huyo atakuwa na pato la pango ambalo sheria ya Uganda nayo inalidai kodi.

Huenda mwuliza akauliza: Uingereza inapata wapi haki ya kuigusa nyumba ya Mbale? Jibu ni ile kanuni mpya ya mwaka 2025. Zamani jambo hili lilitegemea mahali ambapo mtu anahesabiwa kuwa ndipo kwao hasa. Mtu aliyekuwa na nia ya kurudi Uganda aliweza kusema kwao ni Uganda, na mali yake ya nje ikasalimika, ingawa hata wakati huo aliyekaa miaka mingi alihesabiwa kama mwenyeji. Sasa nia haiulizwi. Inahesabiwa miaka tu. Aliyekuwa mkazi wa Uingereza kwa miaka 10 katika miaka 20 ya kodi iliyopita, kodi ya urithi inamfuata katika mali yake yote popote ilipo duniani. Na akiondoka haachwi mara moja. Aliyekaa miaka 10 hadi 13 hufuatwa kwa miaka 3 baada ya kuondoka, na muda huo huongezeka kwa kila mwaka wa ziada aliokaa hadi kufikia miaka 10. Mama wa mfano wetu, aliyerudi baada ya kukaa zaidi ya miaka 25, alifariki mwaka wa nne tu tangu aondoke. Kamba ilikuwa bado ndefu.

Kwa upande mwingine, ambaye hajatimiza miaka 10 anaweza kumpa mwanawe kiwanja au fedha zilizoko Uganda, na sheria hiyo isimhusu. Kwa hiyo mwaka wa tisa ni mwaka wa kukaa chini na kufikiri. Jambo jingine: mtu aliyefikia hali hiyo ya mkazi wa muda mrefu, lakini mwenzi wake wa ndoa yuko nyumbani na hajawahi kukaa Uingereza, asidhani kwamba mali anayompa mwenzi huyo haina mpaka. Msamaha wa mwenzi wa namna hiyo kwa kawaida unaishia pauni 325,000.

Yapo mengine mawili ya kutaja kwa ufupi. Kumpa mtoto fedha taslimu si sawa na kumpa nyumba au hisa. Anayempa mwanawe nyumba ya pili, ile asiyokaa yeye, huhesabiwa kama aliyeiuza kwa bei ya soko, hata kama hakupokea senti moja, na anaweza kudaiwa kodi ya faida mwaka ule ule. Pili, mzazi akimwekea mtoto wa chini ya miaka 18 fedha benki, na riba ikazidi pauni 100 kwa mwaka, riba hiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa pato la mzazi. Kanuni hii haimgusi babu wala bibi.

Wala Uingereza si peke yake. Marekani inamruhusu mtu kumpa kila amtakaye dola 19,000 kwa mwaka, kwa mujibu wa kiwango cha mwaka 2025, bila kuandika taarifa. Anachozidisha hapo hukatwa katika msamaha wake wa maisha, ambao ni dola milioni 15 tangu mwanzo wa 2026. Kila nchi ina kipimo chake, lakini swali ni lile lile.

Na swali hilo ni la haki. Wanaoitetea kodi hii husema kwamba mtoto aliyezaliwa katika mali hakuifanyia kazi, na taifa lisilogusa urithi huzaa tabaka la wenye nacho wa kudumu. Hoja hiyo ina uzito. Wanaoipinga husema kwamba mzazi alikwisha kulipa kodi alipopata fedha hizo, na kwamba tajiri mkubwa mwenye mawakili hutoa mali yake mapema na kuponyoka, ilhali mtu wa kati, ambaye nyumba ndiyo mali yake yote na hawezi kuitoa akabaki bila pa kulala, ndiye anayenaswa. Hoja hiyo nayo ina uzito, na mfano wa mama wa Mbale unaithibitisha. Nchi zetu zimechagua kutoingia kati ya mzazi na mtoto. Iwapo siku moja zitafikiri upya, na zijifunze kwamba kodi ya namna hii hupima werevu wa mtu kama inavyopima utajiri wake.

Lakini hadi hapo, sheria ni sheria kwa anayeishi chini yake. Tunawashauri ndugu zetu walioko Uingereza wafanye mambo manne. Wahesabu miaka yao ya ukazi. Waandike kila wanachotoa, lini na kutoka pato lipi. Wasigawe nyumba wanayotarajia kuishi kabla ya kumwuliza mtu aliyesomea sheria hizi. La nne, ambalo halina gharama yoyote, wawaite watoto wote, wa huko na wa huku, wawaambie waziwazi nani amepewa nini. Anayeficha zawadi leo anawaachia wanawe maswali mawili, moja la mtoza kodi na jingine la ndugu kwa ndugu. Lile la mtoza kodi hulipwa kwa pauni likaisha. Lile la pili huweza kudumu vizazi viwili.